Bendi ya magitaa inapoingiza mashine: yale wanaoanza wanaweza kujifunza kwa New Order

Vijana wengi wanaofika studio na bendi ya magitaa, wakiwa na hamu ya kuingia katika muziki wa elektroniki, huanza kwa kuniuliza wanunue mashine gani. Mimi huwauliza swali jingine kwanza: mashine itakapochukua kazi ya mmoja wenu, huyo mwenzenu atafanya nini? Bendi isiyolijibu mapema huishia ama kuvunjika ama kutoa nyimbo ambazo nusu ya wanamuziki wamesimama tu. Ndiyo maana huwashauri waisikilize kwa utaratibu kazi ya New Order ya Manchester, Uingereza, kati ya 1980 na 1983.

Bendi hiyo ilitokana na Joy Division, iliyofikia kikomo Mei 1980 baada ya kifo cha mwimbaji wake, Ian Curtis. Bernard Sumner wa gitaa, Peter Hook wa besi na Stephen Morris wa drams waliendelea pamoja chini ya Factory, kampuni huru ya palepale Manchester, na kabla mwaka haujaisha Gillian Gilbert akajiunga nao kwenye kinanda na gitaa. Hawakuyatupa magitaa ghafla, kama wengine wanavyosimulia. Tangu enzi za Joy Division, Sumner alikuwa amejiundia sinthesaiza, yaani kinanda kinachozalisha sauti kwa umeme, kwa vipuri vinavyouzwa pamoja na maelekezo, na Morris alikuwa akichanganya ngoma za elektroniki na drams zake. Albamu yao ya kwanza, Movement, ya 1981, bado ina kivuli kizito cha bendi iliyotangulia. Wimbo uliokamilisha safari hiyo ya kuelekea mashine, Blue Monday, ulitoka Machi 1983, ukiwa na urefu wa zaidi ya dakika saba.

Sikilizeni wimbo huo mkijiuliza nani anafanya nini. Mdundo unatoka kwenye Oberheim DMX, mashine ya kutoa sauti za drams, lakini aliyeshughulika na mashine hiyo ni Morris mwenyewe, mpiga drams. Hilo ndilo jambo ambalo bendi changa hulikosea mara nyingi: mashine hukabidhiwa prodyuza, au rafiki anayejua kompyuta, na mpiga drams huachwa kwenye kiti akinung'unika. Mpeni yeye. Anajua mdundo unapopaswa kupumua na unapopaswa kusukuma, na akishazoea vitufe atabuni mapigo ambayo mguu wake usingeyaweza, kama yale ya dramu kubwa yanayomiminika mwanzoni mwa wimbo huo.

Kwa Hook mambo ni ya kuvutia zaidi. Sauti ya chini, ambayo kwa kawaida ndiyo himaya ya mpiga besi, ilichukuliwa na sinthesaiza ya Moog ikiongozwa na sikwensa, kifaa kinachohifadhi noti na kuzipiga chenyewe kwa mpangilio. Angeweza kukaa pembeni. Hata hivyo, tangu Joy Division alikuwa na mazoea ya kupiga besi kwenye noti za juu, kwa kuwa spika yake ya zamani haikumwezesha kujisikia vizuri akipiga chini, na sasa mazoea hayo yakampa nafasi: besi yake ikawa ndiyo inayoimba juu ya mashine. Kila mmoja wenu na atafute mapema jambo analolifanya yeye tu, kwa sababu hilo ndilo litakalobaki. (Wapenzi wa taarab ya kisasa wanayafahamu haya, kwani waliona kinanda kikichukua nafasi ya fidla na akodiani.)

Suala la kumbukumbu za kazi huonekana dogo mpaka siku linapowauma. Sikwensa ya wakati ule ililishwa noti moja baada ya nyingine, na Gilbert amesimulia jinsi alivyoziandika noti zote kwenye karatasi zilizogundishwa mfululizo, zikawa ndefu kama studio yenyewe. Noti moja ilimponyoka, na melodia ikawa haiendi sambamba kabisa na mdundo. Wakaiacha ilivyo, na nadhani sehemu ya mvuto wa wimbo imo humo. Hook naye amesimulia kwamba mdundo wa kwanza waliouridhia ulipotea Morris alipouchomoa waya wa umeme kwa mguu bila kukusudia, wakalazimika kuupanga upya. Leo faili hujihifadhi lenyewe, lakini programu iliyotoa sauti fulani huenda isifunguke mwakani. Kwa hiyo rekodini sehemu ya kila chombo kama faili la sauti kamili, mwandike kasi ya wimbo na ufunguo wake (noti kuu unayojengwa juu yake), kisha mweke nakala kwenye diski nyingine kabla hamjatoka kwenda kunywa chai.

Jukwaani, amueni kabla ya onyesho ni nani atakayeendelea kupiga mashine ikigoma. Mwaka 1983 New Order walishikilia kupiga Blue Monday moja kwa moja katika Top of the Pops, kipindi cha muziki cha televisheni ya BBC, wakati wengi walifuatisha kanda tu. Mitambo ikawasumbua na onyesho likawa dhaifu. Bado naamini walifanya sawa, ila wenye jina dogo hawana nafasi ya kuharibikiwa mbele ya taifa zima.

La mwisho ni masikio. Wanamuziki hawa walikuwa wakihudhuria klabu za New York, na klabu ya Haçienda, ambayo wao na Factory waliigharimia, ilifunguliwa Manchester Mei 1982. Hook hakuficha kwamba mdundo wa Blue Monday ulichukuliwa kwenye wimbo wa Donna Summer, mwimbaji wa disko wa Marekani. Anayetunga muziki wa dansi kwa kusikiliza kwenye vipokea sauti vya masikioni peke yake hatajua besi inafanya nini kwenye miili ya watu. Kabla hamjafunga miksi, ombeni dakika chache ukumbini wakati watu bado wanacheza, mwambieni DJ auchomeke wimbo wenu katikati ya nyimbo zinazojulikana, kisha simameni nyuma mkiangalia miguu.