Kompaila inapodai faili la .h: majibu kwa wasomaji

Fundi, zlib (maktaba ya kubana data) ninayo kwenye Ubuntu, lakini kila nikikompaili naambiwa "zlib.h: No such file or directory". Kosa langu nini? (Msomaji, Morogoro)

Huna kosa, ndugu yangu. Uliyonayo ni maktaba ya kuendeshea programu tu. Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa, inataka faili la .h, linaloieleza maktaba ina nini ndani yake. Debian na Ubuntu huyaweka mafaili hayo katika pakiti ya pembeni yenye mkia wa -dev. Fedora husema -devel. Andika `sudo apt install zlib1g-dev`, urudie. Usipojua jina la pakiti, weka apt-file, endesha `sudo apt-file update`, kisha `apt-file search zlib.h`. Na soma kosa la kwanza kabisa. Hayo mengine yanayojaza skrini mara nyingi ni watoto wake.

Nikitumia -m32 (kukompaili programu ya biti 32) linakosekana bits/libc-header-start.h.

Weka pakiti ya `gcc-multilib`.

Programu ya zamani inadai sys/sysctl.h. Pakiti yake ni ipi?

Haipo. Faili hilo liliondolewa kwenye glibc 2.32 (glibc ni maktaba kuu ya C kwenye Linux), Agosti 2020. Tafuta kwanza toleo jipya la programu. Likikosekana, fungua msimbo: pengine mstari wa `#include` umebaki tu bila kazi, ukiufuta mambo yanakwenda. Kama sysctl(), inayosoma mipangilio ya kerneli, inaitwa kweli, thamani hizo zisomwe kutoka folda ya /proc/sys.

Rafiki alinipa /usr/include yake (folda ya mafaili ya .h) kwenye flashi, nikainakili juu ya yangu. Sasa programu inakompailika, ila ikiwashwa inakufa. (Msomaji, Kisumu)

Pole sana. Hili ndilo linaloniumiza, maana kompaila imenyamaza na wewe ukaamini mambo ni shwari. Faili la .h hutaja hata mpangilio wa data kwenye kumbukumbu. La rafiki yako likisema namba fulani iko baiti ya 16, na maktaba yako imeiweka baiti ya 24, programu itasoma takataka. Endesha `dpkg -V libc6-dev linux-libc-dev` uone yaliyobadilika, kisha `sudo apt install --reinstall libc6-dev linux-libc-dev`. Fanya hivyo kwa kila pakiti ya -dev uliyonayo. Faili la /usr/include ambalo `dpkg -S` haijui ni la pakiti gani, na hukuliweka wewe, liondoe. Halafu `make clean` kabla ya kukompaili upya, la sivyo vipande vya zamani vitabaki humo humo.