Kisukari na macho: damu peke yake haitoshi

Shikamoo daktari. Mama yangu anaumwa kisukari aina ya pili, huu mwaka wa nane. Nimesikia kuna vimeng'enya vya kwenye damu vinavyoonyesha kama macho yameanza kuharibika. Akipimwa hivyo, bado aende kwa daktari wa macho? (Binti, Mbagala)

Marahaba, mwanangu. Aende, tena mwezi huu.

Ulichosikia si uzushi. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi fulani mwilini, na kinachotajwa sana hapa ni paraoksonesi. Hutengenezwa na ini, husafiri kwenye damu pamoja na kolesteroli nzuri, na hulinda mafuta ya damu yasiharibike. Tafiti nyingi zimekuta kinafanya kazi kidogo kwa wenye kisukari, na mara nyingi kidogo zaidi kwa wale ambao retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imeshaathirika. Lakini hayo ni mambo ya wastani wa watu wengi. Kimeng'enya hiki hutofautiana mno kwa kurithi, na sigara hukipunguza, hivyo mwenye macho mazima naye anaweza kukutwa nacho kidogo. Usimlipishe mama kipimo hicho.

Kingine, aldosi ridaktesi, kinafanyia kazi ndani ya jicho lenyewe. Sukari ikizidi, hugeuza glukosi kuwa sobitoli, ambayo haitoki kirahisi kwenye seli na huvuta maji. Kazi hiyo inakula akiba ambayo seli ingeitumia kujikinga. Ni mojawapo ya njia ambazo mishipa midogo ya retina hudhoofika, ikaanza kuvuja. Mvujo huo huonekana kwa macho ya daktari, baada ya kumtia mama matone ya kutanua mboni. Muhimbili wanafanya, CCBRT Msasani wanafanya. Msindikize, maana ataona ukungu kwa saa kadhaa na jua litamuumiza. Kumwacha apande daladala peke yake si vizuri.

Mimi naona vizuri kabisa, hata gazeti nasoma. Kwa nini nisumbuke? (Msomaji, Tabata)

Kwa sababu retina huharibika bila maumivu, na sehemu ya katikati inaweza kubaki nzima huku pembeni mishipa inavuja. Mwenye aina ya pili huangaliwa macho tangu anapogundulika, kwa kuwa huenda ameishi na sukari miaka kadhaa bila kujua. Baada ya hapo ni kila mwaka, au mapema zaidi daktari akisema.

Kipimo changu cha sukari ya miezi mitatu kinasoma 6, wanasema niko vizuri. Lakini nikijipima kidoleni asubuhi kabla ya kula napata 10 au 11. Nina upungufu wa G6PD. Nishike lipi? (Baba wa watoto watatu, Kinondoni)

Shika la kidoleni, kaka, na umwambie daktari wako leo. Swali lako limenigusa, kwani hali hii ipo sana ukanda wetu wa pwani na wengi hawaihusishi na kisukari. G6PD nayo ni kimeng'enya, kazi yake kulinda chembe nyekundu za damu. Kikipungua, chembe hizo huishi muda mfupi, hazipati siku za kutosha kushikwa na sukari, na kipimo cha miezi mitatu husoma chini kuliko hali halisi. Selimundu nayo huvuruga kipimo hicho. Wakati huo wote retina yako inaogeshwa sukari ya 10. Uliza kuhusu fruktosamini, kipimo kisichotegemea chembe nyekundu, na ukaangaliwe macho. Presha nayo usiisahau: utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa kuidhibiti vizuri kunapunguza kasi ya uharibifu wa retina.

Nimeanza dawa wiki mbili zilizopita, sasa naona ukungu. Ninunue miwani? (Dada, Buguruni)

Subiri kwanza, dada. Sukari ikishuka haraka, lenzi ya jicho hubadilika umbo, na miwani utakayonunua leo inaweza isikufae baada ya wiki chache. Acha sukari itulie ndipo upimwe. Ila ukiona vidoa vyeusi vinaelea kwa ghafla, au kama pazia limeshuka kwenye jicho moja, nenda hospitali siku hiyohiyo.