Paganini harudii

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: ni jina gani la mtu limegeuka kuwa msemo wa kila siku, na msomaji alikutana nalo wapi? Langu ni Paganini, na nilikutana nalo kwenye sinki la vyombo.

Nilikuwa naosha vyombo katika mgahawa mmoja mjini Torino, Kiitaliano changu kikiwa cha kuombea maji. Mpishi mkuu akanituma kitu stoo, sikuelewa, nikamwomba arudie. Akajibu bila kugeuka: "Paganini non ripete," yaani Paganini harudii. Kwetu ningeulizwa masikio nimeyaweka wapi, yakaisha. Mimi nikaamini Paganini ndiye tajiri mwenye mgahawa, na kwamba kapiga marufuku kurudia maagizo. Siku mbili nzima niliogopa kukutana naye.

Kumbe mwenyewe alifariki mwaka 1840! Niccolò Paganini, mzaliwa wa Genova, mpiga fidla na mtunzi. Husimuliwa kwamba Februari 1818, hapohapo Torino, katika ukumbi wa Teatro Carignano, Carlo Felice, aliyekuja kuwa mfalme miaka mitatu baadaye, alimwomba arudie kipande kimoja. Akakataa kwa maneno hayo. Wengi huona ni kiburi. Kiburi kilikuwepo, sibishi, lakini mtu huyu alizoea kubuni papo hapo jukwaani, na cha papo hapo ukikiomba tena utapewa kingine.

Leo msemo huo unamtoka hata mzee anayegawa karata, ambaye hajawahi kusikia hata moja ya zile kapricho 24, vipande vyake vya fidla peke yake. Wanamuziki nao wameligeuza jina kuwa cheo: Giovanni Bottesini aliitwa Paganini wa kontrabasi, ile ala kubwa ya nyuzi yenye sauti nzito.

Na jina lenyewe, jamani! Ndani yake mna pagano, mpagani. Enzi zake walimzushia kwamba kamuuzia shetani roho ili apige vile, na alipofia mjini Nice askofu akamnyima maziko ya Kikristo. Mwili ulihamishwa huku na kule hadi 1876, ulipofikishwa makaburi ya Villetta, Parma. Miaka 36!

Mwezi wangu wa mwisho pale mgahawani, mpishi yuleyule hakunisikia vizuri, akaniuliza nimesema nini. Mikono yangu ilikuwa kwenye povu. Sikugeuka.