Tramado, pethidini au mofini kwenye mshono wa tumbo: nilivyoona mimi

Mdau ameuliza: tumbo linapokaribia kufungwa, ipi kati ya dawa hizi tatu kali za maumivu, tramado, pethidini na mofini, ichomwe kwenye kingo za kidonda ili mgonjwa asizinduke na maumivu makali? Nimetoa dawa za usingizi miaka mingi, na jibu langu ni hili: usiangalie ipi ina nguvu ikipita kwenye mshipa. Angalia ipi inatia ganzi yenyewe.

Tramado na pethidini, mbali na kazi yake kwenye ubongo na uti wa mgongo, huziba njia za sodiamu kwenye neva, zile zinazopitisha ishara ya maumivu, kama dawa ya ganzi ya lignokaini inavyofanya. Pethidini imewahi hata kutumika peke yake kwenye sindano ya ganzi ya mgongoni. Mofini ni dhaifu sana upande huo. Vipokezi vyake, yaani sehemu inaposhikia, kwenye neva za nje ya ubongo na uti wa mgongo huamka zaidi pakishavimba, na kidonda cha nusu saa ni kibichi bado. Mimi nilipoichoma kwenye mshono sikuona nafuu ya maana. Lakini mikrogramu 100 tu zikiwekwa kwenye maji ya uti wa mgongo, mgonjwa anaweza kutulia karibu siku nzima, ingawa atawashwa mwili na ni lazima apimwe upumuaji usiku kucha.

Kati ya mbili zilizobaki nachagua tramado. Pethidini mwilini hugeuka kuwa norpethidini, na figo zikiwa dhaifu hiyo hurundikana na kuleta degedege. Tramado nayo mwenye kifafa simpi. Ubaya wake mwingine ni kutapika, na kutapika ukiwa na mshono tumboni ni mateso.

Hilo nililiona kwa mama mmoja. Nilimchoma tramado kwenye kidonda, nikasahau kuandika kwenye faili. Wodini wakamwongezea nyingine ya mshipa. Alitapika hadi alfajiri, mikono yote miwili imeshikilia tumbo. Bado inaniuma. Dawa ya kidondani hufyonzwa ikaingia kwenye damu, kwa hiyo ihesabiwe ndani ya miligramu 400 za siku.

Bupivakaini, dawa halisi ya ganzi, ikiwepo, naanza nayo. Na sindano ya mshono, ya dawa yoyote, haifiki kwenye maumivu ya utumbo. Parasetamoli ya kila saa 6 isikatwe. Mgonjwa aliyelala kimya usimwamini. Mwambie akohoe, umtazame usoni.