Maswali ya Wasomaji: Michezo ya Zamani ya Kubofya Katika Kishikwambi

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeweka ScummVM, programu ya kuendeshea michezo ya zamani, katika kishikwambi changu pamoja na mchezo wa Beneath a Steel Sky, ambao naelewa kuwa hutolewa bure. Utangulizi wake ulinivutia sana, lakini tangu mhusika mkuu aingie kiwandani nimeshindwa kumtoa mahali pale pa kwanza. Kila kitu ninachokigusa anakitazama na kukieleza tu. Hakifungui, hakivuti wala hakichukui. Je, mafaili niliyopakua yana kasoro, au michezo hii haifai kuchezwa bila kompyuta?
Msomaji aliyekwama kiwandani

JIBU: Ndugu msomaji, mafaili yako ni mazima, na mchezo unafanya kile hasa unachouagiza. Beneath a Steel Sky, kazi ya kampuni ya Revolution Software ya Uingereza iliyotolewa mwaka 1994, ulibuniwa kwa ajili ya kipanya chenye vitufe viwili, na vitufe hivyo viligawana kazi: cha kushoto kilikuwa cha kutazama, cha kulia kilikuwa cha kutenda. Unapogusa kioo kwa kidole kimoja, ScummVM huuhesabu mguso huo kuwa ni kitufe cha kushoto, na ndiyo maana bwana Foster, yule mhusika mkuu, amekuwa akikueleza kila kitu bila kunyoosha mkono. Gusa kwa vidole viwili kwa pamoja, na mguso huo utahesabiwa kuwa ni kitufe cha kulia. Sitakuharibia utamu kwa kukutajia kitu cha kwanza unachopaswa kuchukua, ila nakuhakikishia kwamba kipo mbele ya macho yako na kwamba mlango ule unafunguka.

Swali lako limegusa jambo ambalo ningependa kila anayeanza kucheza michezo hii katika kishikwambi alielewe mapema, kwa sababu wengi huiacha wakidhani imepitwa na wakati, kumbe wamekosa kuelezwa namna ya kuishika. Kidole hakifanyi kazi yote ya kishale. Kishale cha kipanya kina hali mbili: kinaweza kupita juu ya kitu bila kukibofya, na kinaweza kukibofya. Kidole kina hali moja tu, kwani kikishagusa kioo kimeshagusa. Katika michezo hii, ile hali ya kupita bila kubofya ni nusu ya mchezo wenyewe. Mchezaji alikuwa akikitembeza kishale polepole juu ya picha ya chumba, na majina ya vitu yakijitokeza moja baada ya jingine: dirisha, kamba, mtungi, ufa ukutani. Hivyo ndivyo alivyojua kipi ni pambo na kipi kina kazi.

Inafaa kukumbuka kwamba hata hali hiyo haikuwapo tangu mwanzo. Katika Maniac Mansion, mchezo wa mwaka 1987 uliotengenezwa na Lucasfilm Games chini ya Ron Gilbert na Gary Winnick, chini ya picha kulikuwa na orodha ya vitenzi 15, na kimojawapo kilikuwa cha kuuliza kitu fulani ni nini. Mchezaji alilazimika kukichagua kitenzi hicho kwanza ndipo jina la kitu alichokielekea lionekane. Miaka michache baadaye majina yakaanza kujitokeza yenyewe na kitenzi hicho kikaondolewa kwa kuwa hakikuhitajika tena. Anayecheza kwa kugusagusa kioo, basi, anajirudisha nyuma kuliko hata wachezaji wa mwaka 1987, maana wao walikuwa na njia ya kuuliza.

Dawa yake imo ndani ya ScummVM. Katika mipangilio utakuta njia zaidi ya moja za kutumia kioo. Ya kwanza hukipeleka kishale palepale kidole kilipo. Ya pili hukigeuza kioo chote kuwa kama kile kibao cha kugusa kilicho chini ya kibodi ya kompyuta ya mkononi: unaburuta kidole popote, kishale kinasogea kwa kadiri ile ile, na unapogonga, kinachobofywa ni mahali kilipo kishale, si mahali kilipo kidole. Njia hii ya pili huonekana ngumu kwa dakika kumi za mwanzo, lakini ndiyo ninayoipendekeza bila kusita, kwa kuwa inakurudishia uwezo wa kupita juu ya vitu bila kuvibofya, na pia kidole chako hakikifuniki kile unachokitafuta. Ikiwa bado huridhiki, unganisha kipanya cha Bluetooth. Vishikwambi vya Android vinakipokea tangu zamani, na iPad zinakipokea kikamilifu tangu toleo la 13.4 la iPadOS lililotoka mwaka 2020.

SWALI: Ndugu Mhariri, katika kishikwambi changu cha Android picha za michezo hii zinajaa kioo chote bila kubakiza nafasi, jambo lililonifurahisha, lakini watu wote wanaonekana wafupi na wanene, na hata mwezi umebonyea. Je, ndivyo walivyochorwa?
Mpenda Picha

JIBU: Sivyo walivyochorwa, ingawa hesabu yenyewe ndiyo iliyokudanganya. Michezo mingi ya miaka ya mwanzo ya 1990 ilichorwa kwa pikseli, yaani nukta za picha, 320 kwa upana na 200 kwa urefu. Uwiano huo ni sawasawa kabisa na ule wa vishikwambi vingi vya Android, yaani 16 kwa 10, hivyo picha hukaa kwenye kioo kana kwamba ilikatwa kwa ajili yake. Lakini vioo vya kompyuta za wakati ule vilikuwa na uwiano wa 4 kwa 3, na picha ile ile ilinyooshwa kwenda juu ili ivijaze, kwa hiyo kila pikseli ilikuwa ndefu kuliko upana wake. Wachoraji walilijua hilo na walichora wakilizingatia. Washa chaguo la kusahihisha uwiano katika mipangilio ya picha, na zile pikseli 200 za urefu zitaonyeshwa kana kwamba ni 240. Utapoteza sehemu moja kati ya sita ya upana wa kioo, itakayobaki nyeusi kushoto na kulia, lakini mwezi utarudi kuwa duara. Walio na iPad wana bahati hapa, kwa sababu vioo vya nyingi kati ya hizo vinakaribia uwiano ule ule wa 4 kwa 3.

SWALI: Ndugu Mhariri, naona baadhi ya michezo hii imetengenezwa upya na kuuzwa kama programu za vishikwambi, yenye picha safi na vidhibiti vya kugusa. Ninayo pia masanduku ya diski za zamani. Je, ninunue matoleo mapya au nitumie mafaili ya diski zangu? Na je, kutumia mafaili hayo katika ScummVM ni halali?
Mtunza Masanduku

JIBU: Nianze na uhalali. ScummVM, iliyoanzishwa mwaka 2001 na waandishi wawili wa programu, Ludvig Strigeus na Vincent Hamm, haina mchezo wowote ndani yake. Inachukua nafasi ya ile programu ya awali iliyouendesha mchezo katika kompyuta ya zamani, kisha inasoma picha, sauti na maandishi kutoka katika mafaili unayoyaleta wewe mwenyewe. Programu yenyewe ni halali na ni ya bure. Kuhusu mafaili, tumia yale ya michezo uliyoinunua, kama hizo diski zako, au ya ile ambayo wenyewe wameiachia itolewe bure. Mbali na Beneath a Steel Sky, kundi hilo lina Lure of the Temptress, Flight of the Amazon Queen na Dreamweb, na yote hupatikana katika tovuti ya ScummVM. Kudai kwamba mchezo ni wa zamani hivyo hauna mwenyewe ni kosa. Haki zake zinaweza kuwa zimehama kutoka kampuni moja hadi nyingine, lakini zipo, na michezo mingi ya aina hii bado inauzwa mtandaoni katika hali ambayo mafaili yake yanaingia moja kwa moja katika ScummVM. Kila mchezo uuwekee folda yake peke yake, kisha uongeze folda hiyo katika orodha ya ScummVM. Ukichanganya mafaili ya michezo miwili mahali pamoja utajitafutia usumbufu bure.

Kuhusu kuchagua kati ya kipya na cha kale, jibu langu linategemea mchezo. Day of the Tentacle wa mwaka 1993, uliotengenezwa upya mwaka 2016, ni kazi ya uangalifu: michoro imesafishwa bila kupotezwa sura yake, na unaweza kurudi kwenye picha za zamani wakati wowote upendao. Grim Fandango wa mwaka 1998 ni kisa tofauti kidogo, kwa kuwa mwanzoni haukuwa mchezo wa kubofya kabisa. Mhusika aliendeshwa kwa kibodi. Toleo jipya la mwaka 2015 ndilo lililoongeza kuelekeza na kubofya, na katika kishikwambi hiyo ni nafuu kubwa, kwa hiyo hapo nunua toleo jipya. Katika Broken Sword, toleo la iPad lilibuniwa likiufikiria upungufu niliousema juu: unapoburuta kidole, sehemu zenye kazi zinajionyesha kidole kinapozikaribia.

Hata hivyo, usizitupe diski zako. Mwaka 2017, iOS 11, mfumo unaoendesha iPhone na iPad, iliacha kuendesha programu zote zilizoandikwa kwa mfumo wa zamani wa biti 32, na michezo mingi ambayo haikuandikwa upya ilikoma kufunguka katika vifaa vilivyosasishwa. Programu iliyofungwa pamoja na mchezo wake huishi kadiri mtengenezaji anavyoendelea kuihudumia. Mafaili ya diski yako yatasomeka katika kifaa chochote ambacho ScummVM itafikishwa, na katika zaidi ya miaka 20 imefikishwa katika vifaa vya aina nyingi sana. Mimi huthamini jambo hilo kuliko usafi wa picha.

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu ana miaka 12 na anapenda mafumbo. Nilimwekea King's Quest V, lakini alikufa mara nyingi, akakasirika, na sasa anatafuta majibu mtandaoni kila baada ya dakika tano. Kiingereza chake pia bado ni cha kujifunza. Je, nimpe mchezo gani?
Mzazi

JIBU: Ndugu mzazi, hasira ya mwanao ina haki. King's Quest V, wa kampuni ya Sierra mwaka 1990, unakuruhusu kufanya kosa dogo mapema na kuja kuadhibiwa mbali sana. Ndani yake kuna mkate mtamu ambao mhusika mwenye njaa anaweza kuula. Akiula, baadaye atakutana na jitu la theluji mlimani bila kuwa na kitu cha kulirushia, na safari itaishia hapo, hata kama saa nyingi zimepita bila yeye kujua kwamba ameshashindwa. Mtoto aliyeumwa hivyo mara moja hawezi tena kuuamini mchezo, na asiyeuamini mchezo hutafuta majibu kabla hajafikiri. Ron Gilbert aliandika makala mwaka 1989 akiupinga utungaji wa namna hii, na The Secret of Monkey Island aliouongoza mwaka uliofuata ulifuata njia nyingine: mchezaji anaweza kujaribu karibu kila upuuzi anaoufikiria bila kuogopa kujifungia njia.

Kwa mwanao, hata hivyo, nitaanza na Machinarium, wa mwaka 2009, kazi ya Amanita Design ya Jamhuri ya Cheki. Wahusika wake huzungumza kwa vijipicha vinavyojitokeza juu ya vichwa vyao, hivyo Kiingereza hakitamzuia. Roboti anayemwongoza anaweza kugusa vitu vilivyo karibu naye tu, na anarefuka au kufupika ili avifikie, kwa hiyo badala ya kuupapasa kioo kizima mtoto hufikiria kwanza asimame wapi. Mchezo unafaa sana kwa kidole. Tena una kitabu chake cha majibu ndani yake, kilichochorwa kwa mkono, lakini kimefungwa kwa mchezo mdogo ambao lazima aushinde kila anapotaka kukifungua. Kazi hiyo ndogo inatosha kumfanya ajiulize kama kweli amekwama.

Akiumaliza, mpe Monkey Island. Katika ScummVM punguza kasi ya maandishi ili apate muda wa kusoma kila sentensi, na kama una toleo lenye sauti za waigizaji, washa sauti na maandishi kwa pamoja. Mwonyeshe pia namna ya kuhifadhi mahali alipofika kabla ya kuhamia programu nyingine, kwa kuwa kishikwambi kinaweza kuifunga ScummVM chenyewe kinapohitaji nafasi. Anapokwama kabisa, kaeni wote wawili mbele ya kioo na mwambie akueleze kwa sauti kila kitu kilichomo mkobani mwa mhusika wake na mahali alipokipata.