Ukiangalia filamu za familia za Kiingereza zile za polepole, mfuatilie mpishi

Watu nikiwaambia waangalie Archipelago ya mwongozaji Joanna Hogg (2010) wananirudia wanasema mbona hamna kitu mle. Nawaelewa, kamera imetulia tu, muziki wa kukuongoza hakuna, watu wanakula huku wamenuniana. Ila mi nishairudia sana na ushauri wangu ni kwamba familia iache kwanza, macho yako yawe kwa mpishi.

Ni mama na watoto wake wakubwa, Edward na Cynthia, wamekodi nyumba kisiwani Tresco kumuaga Edward, kaacha kazi anaenda Afrika kujitolea mambo ya ukimwi. Baba anasubiriwa haji, ni simu tu. Na kuna dada anaitwa Rose kaajiriwa awapikie. Sasa Edward ana roho nzuri kweli, anaona aibu kuhudumiwa, anamfuata Rose jikoni, anataka awe anakula nao, Cynthia hataki hata kusikia. Hapo tulia umwangalie Rose, maana ule wema unamuweka pabaya kuliko ukali wa Cynthia, akikubali bosi mmoja ananuna akikataa mwingine anaumia, na yeye kaja kazini hakuja kumtibu mtu aibu yake.

Mi nimekulia kwenye nyumba yenye dada wa kazi, kila mgeni akija anaambiwa huyu ni kama mwanetu, na huyo mwanetu anakula wa mwisho, jikoni. Ndo maana hii filamu inanichoma, japo ni Waingereza na baridi yao. Tabaka halikai kwenye matusi peke yake, linakaa hata kwenye ukarimu, kwa sababu mwenye nafasi ndo anaamua leo tuwe sawa au tusiwe.

Vaa earphone, usiangalie huku unachati, maana mengine unayasikia toka chumba cha pili, kama mama anavyogombana na baba kwenye simu.

Ukimaliza nenda The Souvenir (2019), ya Hogg huyohuyo, pale hamna mpishi, fuatilia hela. Julie anasomea filamu London, anataka kutengeneza stori ya kijana wa Sunderland, mji uliokuwa wa viwanda vya meli, walimu wanamuuliza kwa nini huko, na yeye kila akiishiwa anamkopa mama na nyingi zinaishia kwa mpenzi wake. Mwangalie mama anavyotoa.