Detekta inalia ua mzima: nichimbe wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nyumba ya marehemu babu iko Ngamiani, Tanga, na wazee wanasema ilijengwa zama za Mjerumani. Mjomba aliyeko Muscat ametuletea detekta ya kutafutia sarafu. Nikiiwasha inalia kila hatua. Nimeshachimba mashimo tisa, nikapata misumari, vizibo vya soda, betri moja na kipande cha bati. Sasa amepita bwana mmoja na vijiti vya shaba, anasema kuna sanduku la Mjerumani futi ishirini chini ya choo cha zamani, na anataka laki nane aanze kazi. Je, mashine yetu ni mbovu? Ninunue koili kubwa zaidi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa dalili ulizotoa, mashine yenu ni nzima. Ua wenu ndio wenye maneno mengi.

Lakini tuanze na laki nane, maana zikishatoka mfukoni hazirudi. Detekta ya aina yenu hurusha sumaku inayogeuka maelfu ya mara kwa sekunde. Metali iliyo karibu ikipitiwa na sumaku hiyo huamka umeme mdogo ndani yake, na umeme huo hurudisha sumaku dhaifu ambayo koili (ile sahani ya chini ya mpini) inaisikia. Kitu kikienda chini kidogo tu, sauti yake hufifia kwa kasi kubwa. Ndiyo maana sarafu moja husikika sentimita 15 au 20, na 25 siku ya bahati. Sanduku kubwa la chuma mtalisikia kiasi cha mita moja. Futi ishirini ni mita sita. Na vijiti vya huyo bwana havina hata betri. Mwaka 2013 mahakama ya Uingereza ilimfunga James McCormick miaka 10 kwa kuuza nchi za nje, Iraq ikiwemo, kifaa alichodai kinanusa mabomu. Kilikuwa antena juu ya mpini, chanzo chake kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu, na kilichokuwa kikiizungusha antena ni mkono wa mshikaji mwenyewe. Vijiti vya mgeni wako ni ukoo uleule.

Tena fikiri kidogo. Serikali ya Mjerumani wakati wa vita ilikaukiwa sarafu kiasi kwamba mwaka 1916 ilizigonga zake yenyewe Tabora, katika karakana ya reli: hela za shaba na shaba ya manjano, pamoja na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, ambayo zilitoka 16,198 tu. Watu waliobanwa hivyo hawakuwa wakigawa masanduku ya mali chini ya kila choo cha Ngamiani.

Sasa mashine. Kabla ya kuchimba shimo la kumi fanya majaribio matatu; kwa mawili ya mwanzo dakika tano zinatosha. Kwanza inua koili hewani, usiitikise, simu yako ikiwa imeachwa ndani. Ikiendelea kulia, tatizo ni umeme: nyaya za nyumba, mita ya LUKU, jirani anayechomelea. Punguza usikivu mpaka inyamaze, au badilisha masafa kama mashine ina chaguo hilo. Ikinyamaza hewani, ishushe na kuiinua juu ya kipande cha ardhi unachoamini hakina kitu. Ikilia kila unapoishusha, inasikia udongo wenyewe, kwa hiyo rudia kuisawazisha na ardhi, yaani kuifundisha iupuuze udongo huo. Kule kwenye udongo mwekundu wenye chuma kingi kazi hii ni ya kila baada ya hatua chache; penye mchanga ulioloa maji ya bahari pia inasumbua. Ikipita majaribio yote mawili na bado inalia unapotembea, basi hiyo ni metali kweli. Nina hakika hapo ndipo ulipo.

Jaribio la tatu ni la masikio yako. Tafuta sarafu isiyonatwa na sumaku (ya shilingi 500 usitumie, ni chuma kilichovikwa nikeli), ifukie sentimita 10, pembeni yake fukia msumari wenye kutu na kizibo cha soda. Pitisha koili juu ya kila kimoja mara hamsini. Kisha geuka robo mzunguko upitishe kwa upande mwingine. Sarafu huimba vilevile kote kuwili. Msumari upande mmoja huimba, upande mwingine hukohoa. Kizibo ndicho tapeli, kwa kuwa hujifanya fedha; lakini ukiinua koili polepole juu yake au ukaipitisha kwa ukingo, sauti huvunjika na mlio wa chuma hujitokeza. Bati nalo, likiwa pana na bapa, hudanganya hata wakongwe. Mimi niliwahi kuchimba nusu siku nzima nikiwa na timu ya wapimaji, tukiwa tumeshakubaliana kuwa tumepata mtungi wa fedha, tukatoa mfuniko wa pipa.

Watu wengi wakisikia haya hukimbilia kitufe cha kuchuja chuma chote. Usikiwashe hadi mwisho. Sarafu iliyolala jirani na msumari itanyamazishwa pamoja nao, na ua wa nyumba ya udongo na mabati una misumari kama punje za mtama. Afadhali usikie kila kitu, kwa hedfoni, na utembee polepole.

Wapi? Hapa ndipo watu hupoteza muda zaidi kuliko kwenye mashine. Wanakwenda katikati ya ua kwa sababu pako wazi. Ua wa Kiswahili hufagiliwa kila alfajiri. Ukifagia miaka mia moja, unaondoa udongo wa katikati na kuusogeza pembeni, na kilichodondoka jana usiku husogea nao. Angalia kando ya ukuta na ua wa makuti, ardhi ilivyonyanyuka kidogo: hapo pana tabaka za mafagio. Anza huko. Kisha mbele, chini ya ukingo wa baraza, mahali wanaume walipokaa wakicheza bao na kuhesabu, na mwanamke wa maandazi alipoweka sinia lake. Halafu njia ya kisimani na chini ya mwembe wa zamani. Mwulize bibi yeyote aliye hai ni wapi ulitolewa udongo wa kukandikia kuta. Shimo hilo baadaye huwa jalala, na jalala la 1910 ni zuri kuliko sanduku la hadithi.

Kuhusu utakachokipata, jiandae kwa vitu vidogo. Nyingi zitakuwa senti za Afrika Mashariki za Mwingereza, zile zenye tundu, za baada ya 1920. Chini zaidi ndipo iko hela yenyewe, na usilichukulie neno hilo kwa mzaha: “hela” ni Heller ya Kijerumani iliyoingia mfukoni mwetu mwaka 1904, ilipoamuliwa rupia igawanywe mia badala ya pesa 64 za awali. Hela moja ya shaba nyekundu hulia kwa sauti ya juu, safi. Zile za 10 za mchanganyiko wa shaba na nikeli, zenye tundu, hulia chini, mahali mashine inapoweka karatasi za kung’aa za pakiti za sigara, kwa hiyo nazo usizichuje. Rupia ya fedha yenye kichwa cha Wilhelm II na kofia yake ya vita, gramu 11.66, hulia juu kuliko zote. Ukiona mizani na maandishi ya Kiarabu, mwaka 1299, umeshika pesa ya Sultani Barghash wa Zanzibar, 1882 kwa hesabu ya Kizungu. Hiyo ningeifurahia mimi kuliko rupia tatu.

Kuna mambo mawili ya kusimamisha jembe papo hapo. Tanga ilipiganiwa Novemba 1914, na ganda tupu la risasi hulia kama sarafu. Ganda tupu si neno. Lakini ukiona kitu kirefu cha mviringo, kizito, chenye ncha au mkanda wa shaba kiunoni, usikiguse wala usikimwagie maji. Watoe watoto uani, weka alama kwa mbali, piga simu polisi. La pili ni mambo ya kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, pamoja na marekebisho yake ya 1979, inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na kuvichimba kwa makusudi kunataka kibali. Hela ya 1909 iko nje ya mwaka huo. Ukuta wa matumbawe, vigae vya kauri ya Kichina, shanga au mifupa huenda viko ndani: funika kama ulivyokuta, toa taarifa Idara ya Mambo ya Kale. Kwa sababu hiyohiyo usiipeleke mashine kwenye magofu ya Tongoni wala kwenye makaburi yoyote, hata mwenyeji akikuruhusu.

Kuchimba: kata kipande cha udongo pande tatu, kikunjue kama mlango, toa kitu, rudisha, kanyaga. Mama yako asione shimo. Kisha sarafu usiisugue. Najua mkono unawasha. Ndimu, majivu na mchanga vitaifanya ing’ae na bei yake itashuka palepale, maana mnunuzi anataka ile rangi ya uzee. Maji ya mvua, brashi laini, kivuli. Ukikuta kadhaa pamoja, andika kina na mahali kabla ya kuzitoa.

Na koili kubwa? Hapana. Kubwa husikia chini zaidi kidogo lakini humeza misumari sita kwa mpigo na kukupa sauti moja ya vurugu. Kwenye ua kama huo tafuta ndogo, ya inchi sita hivi. Itakukosesha sentimita chache za kina, ila itaingia kati ya msumari na msumari. Kama fedha ya koili haipo, ile iliyokuja nayo inatosha. Punguza usikivu kwa robo, anza kando ya ukuta wa mashariki Jumamosi baada ya mvua, udongo ukiwa laini. Mwenye vijiti akirudi, fukia sarafu tano mahali asipoona, mwambie azitafute.